Deksa kwanza, bariamu baadaye

Kama mkononi una karatasi mbili za vipimo, moja ya kupima uimara wa mifupa na nyingine ya picha ambayo lazima unywe au uchomwe dawa kwanza, fanya ya mifupa kwanza. Kipimo cha mifupa hakiachi kitu mwilini. Unashuka kitandani, unavaa viatu, unakwenda kufanya hicho kingine, hata asubuhi hiyo hiyo. Hicho kingine ndicho kinachoacha mabaki, na mabaki hayo ndiyo yanayokuja kuvuruga namba za mifupa.

Ukishika hilo umeshapata nusu ya maneno yangu. Yaliyobaki ni ya wale ambao hicho kingine wameshakifanya, na ya wale wenye majibu nyumbani wasiyoyaelewa.

Mimi ni mtu wa eksirei hapa Dar es Salaam, miaka 18 sasa. Mashine ya mifupa inaitwa DXA, lakini kazini wote tunasema deksa. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha.

Mwaka 2019 alikuja mama mmoja kutoka Korogwe, miaka 67, kaletwa na binti yake kwa basi la alfajiri. Nilimwamkia, akaitikia, nikaanza maswali ya fomu. La kwanza lilikuwa kama ni mjamzito. Tulicheka wote watatu. La pili, kama ana chuma chochote mwilini au kwenye nguo. La tatu, kama amewahi kufanyiwa operesheni ya nyonga au mgongo. Hakuna. Akapanda kitandani, nikamwekea lile boksi la sponji chini ya miguu ili kiuno kilale vizuri, na baada ya dakika kama 10 tulikuwa tumemaliza.

Fomu haikuuliza kama wiki ile amepigwa picha nyingine, na mimi sikuuliza. Kumbe siku nne nyuma, hospitali nyingine, alikuwa amenyweshwa bariamu, ile dawa nyeupe kama uji inayofanya utumbo uonekane kwenye picha, kwa ajili ya tumbo lililokuwa likimsumbua. Mama alijua, binti alijua, na hakuna aliyeona sababu ya kusema. Tumbo na mifupa wapi na wapi?

Pingili za kiuno tunazopima ni nne, L1 ya juu hadi L4 ya chini. L1 ilisoma -2.7, L2 -2.5, L3 -0.2, na L4 +0.4. Mashine ikazichanganya ikatoa -1.1 kwa kiuno kizima. Nyonga ikasoma -2.1. Hizo ndizo alama za T, yaani mfupa wako ukilinganishwa na wa kijana mwenye afya. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, kuanzia -1 kwenda juu mfupa ni mzima. Kati ya -1 na -2.5 umeanza kupungua, -2.5 kwenda chini ndiyo ostioporosisi, yaani mifupa imekuwa dhaifu na rahisi kuvunjika. Mama akaandikiwa kwamba mifupa imeanza kupungua. Akaambiwa ale dagaa, anywe maziwa, atembee, arudi baada ya miaka miwili.

Mtu wa kazi yangu akiona pingili mbili zinazopakana, moja -2.5 na ya pili -0.2, anatakiwa asimame hapo hapo. Sikusimama. Wazee wengi pingili zao za chini husoma juu kwa sababu ya kusagika na vimiiba vya mfupa vinavyoota pembeni, kwa hiyo jicho langu lilishazoea kuona hivyo na kupita. Na kwenye benchi nje walikuwa wamekaa watu 11.

Alirudi 2021. Kifundo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimepona kwa kupinda: aliteleza bafuni, akajizuia kwa kiganja, mfupa ukavunjika. Nikampima. Kiuno, -2.8. Kutoka -1.1 hadi -2.8 kwa miaka miwili! Binti alinyamaza muda, halafu akaniambia kwa sauti ndogo kwamba sasa ndugu zake watasema hamlishi mama.

Nyonga ndiyo iliyonishtua. Ilikuwa -2.1, sasa ni -2.2. Kiuno kiporomoke hivyo na nyonga ibaki pale pale? Nikaifungua picha ya 2019, nikaongeza mwanga wa skrini. Juu ya L3 na L4 kulikuwa na utepe mweupe uliojipinda, unaanza nje ya ukingo wa mfupa upande mmoja na kutokea upande wa pili. Mfupa hauna umbo hilo. Ulikuwa utumbo, na ndani yake bariamu. Nilipoziondoa L3 na L4 kwenye hesabu nikabaki na mbili za juu, jibu la 2019 likawa -2.6. Alitakiwa aanze dawa tangu wakati ule.

Nilimweleza yote, bila kuficha. Akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu, sikuporomoka?" Nikamwambia hapana mama, umeshuka kidogo tu kama wengine; namba yangu ya kwanza ndiyo iliyokuwa ya uongo. Akamgeukia binti yake: "Umesikia? Kawaambie."

Kwa nini mashine inadanganyika

Deksa ni mizani kuliko ilivyo kamera. Inapitisha mwilini eksirei za nguvu mbili tofauti, inahesabu zilizotokea upande wa pili, na kwa tofauti ya hizo mbili inakadiria kuna gramu ngapi za madini ya mfupa katika kila sentimita ya mraba. Ili hesabu hiyo ikae, imetengenezwa ikiamini kwamba mwilini kuna vitu viwili tu: mfupa na nyama. Cha tatu haikijui. Bariamu, iodini na gadolini, zilizomo kwenye dawa za picha, huzuia eksirei kuliko kalsiamu ya mfupa, kwa hiyo mashine ikikutana nazo juu ya pingili inaziandika kuwa mfupa.

Watu wengi huishia hapo, wakadhani dawa hizi siku zote huongeza namba. Si siku zote. Kumbuka ile mizani ya zamani ya sokoni, yenye sahani mbili, mchele huku na jiwe kule. Muuzaji akiweka kidole kwenye sahani ya mchele, kilo inaongezeka. Akiweka kwenye sahani ya jiwe, inapungua. Deksa nayo ina jiwe lake: hupima nyama iliyo kandokando ya pingili, ili ijue kiasi cha nyama cha kutoa kwenye hesabu. Bariamu ikiwa imelala pale kando badala ya juu ya mfupa, mashine inadhani nyama ni nzito sana, inatoa kupita kiasi, na mfupa unatoka dhaifu kuliko ulivyo. Kwa hiyo mmoja anakosa dawa anayoihitaji na mwingine anaanzishiwa dawa asiyoihitaji, wote kwa kikombe kile kile cha uji mweupe.

Lakini hasara kubwa naiona kwenye kipimo cha pili. Deksa hurudiwa baada ya mwaka mmoja au miwili ili kuona kama dawa inafanya kazi. Kama cha kwanza kilipandishwa na bariamu, cha pili kitaonyesha mporomoko hata kama dawa imefanya kazi yake vizuri. Daktari anabadilisha dawa, mgonjwa anakata tamaa, na mwenye kosa ni utumbo wa miaka miwili iliyopita.

Subiri muda gani

Bariamu, iwe ya kunywa au ile inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa: wiki mbili. Hii ndiyo sumbufu kuliko zote, kwa sababu haiingii kwenye damu wala haipiti kwenye figo. Inatoka na choo peke yake. Mzee anayepata choo mara mbili kwa wiki anaweza kukaa nayo muda mrefu kuliko kijana. Kunywa maji mengi, kula papai, kula mboga za majani, na ukiwa umefunga choo mwambie daktari mapema. Choo kitakuwa cheupe kama chokaa siku za mwanzo. Kurudi kwenye rangi yake ni dalili njema, ila si ushahidi kamili: bariamu hupenda kujificha kwenye vijifuko vya utumbo mpana, na wenye vijifuko hivyo mara nyingi ni hao hao wazee tunaowapima mifupa.

Umetoka mbali na wiki mbili hazijaisha? Usikate tiketi ya kurudi kabla ya kuuliza. Bariamu ya tumboni haifiki kwenye kigasha, na nyonga mara nyingi huwa salama. Mtu wa eksirei anaweza kukupima hizo leo, akaangalia picha kabla ya kuziamini, na kiuno kikapimwa siku nyingine. Mimi siku hizi naangalia skrini mstari wa kwanza unapoanza kuchorwa. Nikiona weupe wenye umbo la utumbo, nasimamisha.

Iodini ni ile ile ya kwenye chumvi yenye madini joto, ila hapa inachomwa kwenye mshipa kwa wingi ili mishipa na viungo vionekane. Unakutana nayo kwenye CT nyingi (picha za eksirei zinazoonyesha mwili vipande vipande), kwenye picha za mishipa ya moyo, kwenye picha za figo na njia ya mkojo. Figo zikiwa nzima, sehemu kubwa inatoka kwa mkojo ndani ya siku moja. Hata hivyo tunaomba wiki moja. Mwenye figo zinazosumbua aseme, maana kwake hesabu hiyo haifanyi kazi. Halafu kuna mtego: CT ya tumbo mara nyingine inakuja na chupa ya dawa ya kunywa pamoja na sindano. Ya sindano inakwenda kwenye figo, ya chupa inakwenda kwenye utumbo, na inatoka kwa mwendo wa utumbo. Watu hukumbuka sindano wakasahau chupa.

MRI (picha ya sumaku) ya kawaida, isiyo na sindano, haina shida yoyote. Ile yenye sindano ina gadolini, nayo tunaipa wiki moja vile vile. Hospitali hazifanani hapa. Wengine huridhika na siku chache. Fuata ya pale utakapopimwa, kwa sababu wao ndio watakaosaini majibu.

Zinabaki dawa za mionzi, na hapa kuna mkanganyiko wa jina uliowasumbua watu wengi mbele yangu. Ukimwambia mtu "nimeshafanya kipimo cha mifupa", hajui ni kipi. Kuna deksa, ya kupima uzito wa madini. Na kuna skani ya mifupa ya nyuklia, ambayo unachomwa dawa ya mionzi, unasubiri saa kadhaa, kisha kamera inatafuta kama saratani imefika kwenye mifupa. Wagonjwa wa Taasisi ya Saratani Ocean Road wanaijua hii ya pili. Na ni hao hao, wenye saratani ya matiti au ya tezi dume walio kwenye dawa za kushusha homoni, ambao madaktari huwaagizia deksa pia, kwa sababu dawa hizo hula mifupa. Basi mtu anafika na karatasi mbili zinazofanana jina, anafanya ya nyuklia Jumatatu, Jumanne asubuhi yuko kwangu huku mwili wake wenyewe bado unatoa mionzi. Kipokeaji cha mashine yangu kinahesabu kila kinachokifikia. Hakijui hii ni yangu na hii ni ya Ocean Road.

Habari njema ni kwamba dawa inayotumika zaidi, teknesiamu-99m, inapungua nusu kila saa 6. Baada ya saa 24 imebaki moja ya kumi na sita. Baada ya 48, moja ya mia mbili hamsini na sita, na mkojo umepunguza zaidi. Siku tatu zinatosha kabisa. Iodini-131, wanayopewa wenye matatizo ya tezi ya shingo, ni habari nyingine: inapungua nusu kila siku 8. Aliyemeza hiyo aje na barua ya waliompa, tupange pamoja kwa wiki, si kwa siku.

Visivyo na madhara

Altrasaundi, hata ya tumbo. Eksirei ya kifua, ya goti, ya meno. Picha ya matiti. Kipimo cha moyo cha altrasaundi. Vyote hivi unaweza kufanya asubuhi na deksa mchana. Alikuja baba mmoja aliyesubiri miezi miwili baada ya eksirei ya kifua ili "mionzi itoke". Eksirei haikai mwilini. Taa ukiizima, mwanga haubaki chumbani. Kinachobaki ni dawa uliyokunywa au kuchomwa. Kwa kila picha jiulize hivi: niliwekewa kitu, au niliangaliwa tu?

Na kama CT yako ni ya haraka, ya kichwa baada ya ajali au ya tumbo linalouma vibaya, kafanye CT. Mpango wangu wa deksa kwanza ni wa vipimo vya kupangiwa tarehe. Mfupa uliochukua miaka kupungua unaweza kukusubiri wiki mbili.

Siku yenyewe

Usinywe vidonge vya kalsiamu kuanzia jana yake, saa 24 kabla. Kidonge kisichoyeyuka kinaonekana kwenye picha kama sarafu ndogo juu ya pingili. Chakula cha kawaida kula.

Wanawake, na hili nalisema kama dada: shanga za kiunoni. Ni za kioo, nyingine zina chuma, na zinakaa pale pale ninapopima. Najua si kitu cha kutajwa mbele ya mwanao aliyekusindikiza, ndiyo maana huwa namwomba msindikizaji atoke kwanza ndipo niulize. Hirizi pia, pini ya gauni, na pindo la khanga. Bibi mmoja alikuwa na fundo la sarafu kwenye pindo, limelala juu ya nyonga ya kulia; nyonga yake ilisoma kama ya mcheza mpira. Tulifungua fundo, akazihesabu mbele yangu, nikarudia.

Mwenye nyonga ya chuma upande mmoja tunampima upande wa pili. Mwenye skrubu za mgongo, au saruji iliyoingizwa kwenye pingili iliyovunjika, kiuno chake hakitusaidii tena. Tunahamia nyonga na kigasha.

Ukipiga simu kuomba nafasi usingoje uulizwe. Sema: "Wiki mbili zilizopita nilifanyiwa kipimo fulani, tarehe fulani, nilikunywa au nilichomwa dawa." Kama jina hulijui, soma lililoandikwa kwenye karatasi hata kwa herufi moja moja. Fomu yetu sasa ina swali la nne kuhusu hilo, nililiandika kwa kalamu wiki ile ile yule mama aliporudi, kabla halijachapwa. La ujauzito bado ni la kwanza.

Kama majibu yako tayari nyumbani

Toa karatasi. Usiangalie jumla ya kiuno tu. Tafuta jedwali lenye L1, L2, L3 na L4, kila moja na alama yake ya T. Kupanda kidogo kidogo kwenda chini ni kawaida. Pingili ikimzidi jirani yake kwa zaidi ya 1, uliza. Huenda ni kusagika, huenda ni pingili iliyobonyea, maana mfupa uliobonyea hujazana ukasoma juu, na huenda ni dawa ya picha. Anayejibu ni picha, si namba, kwa hiyo omba kuonyeshwa picha. Linganisha pia kiuno na nyonga: zikipishana sana, huenda moja inasema uongo, na kwa uzoefu wangu mara nyingi ni kiuno. Halafu angalia tarehe ya deksa na tarehe za vipimo vingine kwenye daftari lako la kliniki.

Ukigundua zinagongana, mara nyingi huna haja ya kupimwa upya. Picha ya zamani ipo kwenye mashine, na pingili zilizochafuka zinaweza kuondolewa kwenye hesabu mradi zibaki angalau mbili safi. Zisipobaki mbili, rudia. Mionzi ya deksa ni kidogo, pungufu ya eksirei moja ya kifua, kwa hiyo kinachouma ni nauli na ada. Rudia kwenye mashine ile ile ya mwanzo kama inawezekana, kwa sababu mashine mbili tofauti hazipimi sawasawa hata kama ni za kampuni moja, na muombe aliyepima aandike kwenye majibu mapya kwamba kiuno cha tarehe ile ya zamani kisitumike kulinganisha.